Uchambuzi wa kisa: Godauni la gatini Jinja na jukwaa lililozikwa

Kuhusu kisa hiki

Nilikuwamo katika kisa hiki tangu mwanzo, nikiwa mpimaji na mchoraji wa kikundi kilichojaribu kuokoa godauni la zamani la gatini lisibomolewe, kwa hiyo baadhi ya lawama zilizomo humu ni zangu. Majina ya watu, namba ya kiwanja na ofisi zilizohusika nimeviondoa. Wahusika nawaita kwa nafasi zao: Mzee wa Reli, Mama Mwenyekiti wa wauza samaki, Mwalimu, wakala wa mwenye kiwanja, na kontrakta. Mji wenyewe sikuona sababu ya kuuficha. Bila Jinja kisa hiki hakieleweki.

Usuli: reli ilifuata nini ufukweni?

Mgeni akishuka Jinja huonyeshwa chanzo cha Nile, kisha maduka ya zamani ya Wahindi pale Main Street, yale yenye majina ya familia na miaka iliyochongwa juu ya baraza. Akiwa na muda ataonyeshwa na bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954. Ni wachache wanaopelekwa chini gatini, upande wa Walukuba na Masese, kwenye harufu ya mukene, yaani dagaa, na lami iliyochanika, ambako reli mbili zenye kutu zinatokeza kwenye nyasi na kupotea tena. Na pale chini ndipo biashara ya mji huu ilipoanzia.

Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwishoni mwa 1901 na ikaishia hapo. Mizigo ya Uganda ikawa inavuka ziwa kwa meli za mvuke: Winifred, Sybil, Clement Hill, na baadaye moja iliyopewa jina la huku kwetu Busoga, Usoga. Meli hizo zilikuja vipandevipande kutoka Uingereza, zikapanda mabehewa Mombasa, zikaunganishwa Kisumu na kushushwa majini. Zilipofika Jinja zilikuwa na ukomo wake. Nile ilikuwa ikitoka ziwani kwa kishindo, na kuanzia Maporomoko ya Ripon hadi masafa marefu kuelekea kaskazini hakuna chombo kilichopita. Ndiyo maana mwaka 1912 ilijengwa reli fupi kutoka Jinja hadi Namasagali, mahali mto unapotulia. Kule Namasagali kulikuwa na meli nyingine, za Ziwa Kyoga.

Tazama basi safari ya robota moja la pamba la Teso siku hizo. Linapanda meli Kyoga, linashuka Namasagali, linapanda behewa, linashuka Jinja gatini, linapanda meli tena hadi Kisumu, halafu behewa hadi Mombasa. Kila kituo linabebwa mara mbili, kushuka na kupanda. Kitongoji chote cha gatini, na magodauni yake, na kuli wake, na mizani zake, kilizaliwa na huko kupakua na kupakia.

Mwaka 1928 reli kuu iliyopitia Eldoret na Tororo iliungana na ile fupi ya Namasagali pale Mbulamuti. Kuanzia hapo pamba haikuwa na haja ya kuvuka maji. Mwaka 1931 daraja la reli likavuka Nile na treni ikafika Kampala. Gati la Jinja halikufa siku hiyo, lakini ilikuwa kama mke mkubwa aliyeletewa mwenzake: heshima ilibaki, shughuli zikahamia kwingine. Katikati ya miaka ya 1960 lilipata pumzi mpya kwa meli za kubeba mabehewa, MV Umoja na MV Uhuru, zilizomeza treni nzimanzima. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, malori yakaja, na nyasi zikaota.

Namasagali nayo ilimalizwa na maji. Mvua za 1961 na 1962 ziliinua mto na maziwa, bandari ile ikafungwa, na majengo ya reli yakageuzwa shule. Likumbukeni hilo la maji, litarudi.

Jengo lenyewe

Godauni ni la matofali ya kuchoma, kuta nene kama mkono wa mtu mzima kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, paa la mabati, na milango mikubwa ya mvule inayoteleza kwenye chuma. Minne inaelekea upande wa reli, miwili upande wa barabara. Matofali yalijengewa chokaa na mchanga, bila saruji. Ukipitisha ufunguo kwenye kiungo unapata unga mweupe.

Kitu muhimu kuliko vyote tulikiona siku ya kwanza tusikielewe: sakafu ya godauni iko juu ya ardhi kwa karibu mita moja. Upande wa reli kuna jukwaa la mawe linalokwenda urefu wote wa jengo, na chini yake, zikiwa zimezama kwenye udongo, reli mbili za njia ya pembeni juu ya mataruma ya chuma. Chini ya jukwaa kuna matundu madogo ya mraba yenye nondo. Niliyachora. Nikaandika pembeni "matundu ya hewa" na kugeuza ukurasa.

Kiwanja chenyewe kina historia ya kawaida ya Jinja. Familia iliyokuwa na hati ya kupanga iliondoka mwaka 1972 Amin alipowapa Waasia siku 90. Mali ikaingia mikononi mwa bodi ya serikali iliyosimamia mali za waliofukuzwa. Sheria ya mwaka 1982 ikafungua njia ya kurudishiwa, na katika miaka ya 1990 familia ikarudishiwa karatasi zake. Warithi wanaishi nje. Hapa wana wakala. Na mpaka wa kiwanja, ukiupima vizuri, unapita katikati ya reli: jukwaa ni la familia, reli ya pili iko kwenye ardhi ya shirika la reli. Mstari huo ulitugharimu baadaye.

Mambo yalivyokwenda

Mei 2020, nchi imefungwa kwa korona na ziwa linapanda. Mwezi uliotangulia kisiwa cha magugu kinachoelea kilikuwa kimeziba mitambo ya bwawa na nchi nzima ikalala gizani. Sasa kipimo cha maji cha Jinja kikasoma mita 13.42, na rekodi ya 1964 ilikuwa 13.41. Kwenye karatasi ni sentimita moja. Kwa Mama Mwenyekiti ilikuwa maji ndani ya kibanda, chanja za mukene zikielea, na injini za mitumbwi zikibebwa mabegani usiku.

Godauni halikuingia maji. Ngazi zake ni nne, maji yalifika ya pili yakakaa hapo kwa wiki kadhaa. Wauza samaki walimwomba mlinzi, mlinzi akafungua, na kwa miezi mitatu magunia, nyavu na injini za nusu ya watu wa gatini vililala juu ya sakafu ile. Hakuna aliyelipa kodi na hakuna aliyedai.

Maji yalipoanza kushuka, wakala akaja. Kijana wa heshima, viatu vimeng'arishwa, akasimama mbali na tope. Alikuwa na mchoro wa ghala jipya la chuma, na alitaka bomoabomoa ianze kabla ya mwisho wa mwaka. Mama Mwenyekiti alitutafuta watu wanne kwa simu: mimi, Mwalimu wa historia, mwenyekiti wa LC (baraza la mtaa), na Mzee wa Reli, aliyekuwa karani wa mizigo pale gatini tangu enzi za Umoja na Uhuru. Tukakaa chini ya mwembe. Kikao kiliendeshwa kwa Kiswahili cha Walukuba, kwa sababu kati yetu watano kulikuwa na lugha za nyumbani nne. Kitongoji kile kilijengwa baada ya Vita vya Pili kwa ajili ya wafanyakazi waliotoka kila upande, na lugha ya stesheni na kiwanda ikabaki ndiyo lugha ya jirani.

Wiki ya kwanza tulipoteza muda. Mwalimu alitaka twende kwa wakala na historia. Akaandika kurasa tatu nzuri sana. Wakala akazisoma kwa adabu, akasema, "Mwalimu, nimejifunza mengi," na siku ya pili mafundi wake wakaja kupima mabati.

Kilichomsimamisha kilikuwa kitu kingine kabisa. Kanuni za mazingira za mwaka 2000 zinatenga mita 200 kutoka ukingo wa Ziwa Viktoria kuwa eneo la hifadhi. Godauni liko ndani ya eneo hilo, lakini lilikuwapo kabla ya kanuni. Mwenyekiti wa LC, mtu asiyependa maneno mengi, ndiye aliyemuuliza wakala: "Ukilibomoa hili, una uhakika utaruhusiwa kujenga lingine?" Wakala akanyamaza. Akapiga simu nje ya nchi, mbele yetu, akitembea huku na huku. Aliporudi alikuwa mtu wa kukarabati.

Makubaliano yalifikiwa baada ya vikao vitatu. Mwenye kiwanja atatengeneza paa na kuta. Nusu ya godauni itapangishwa kwa wauza samaki kwa kodi ya kueleweka. Pembe moja itakuwa ya maonyesho madogo ya historia ya gati, kazi ya kikundi chetu. Wakala naye akaweka sharti moja: malori lazima yafike mlangoni, na uwanja uinuliwe upite alama ya mafuriko ya 2020. Tulikubali. Nasikia mpaka leo tulivyokubali, kwa haraka, kama watu walioona mlango mkubwa umefunguka wakaogopa kubishania kizingiti.

Miezi ya mwanzo ya 2021 ilikuwa ya kupima na kusikiliza. Mzee wa Reli alikuja kila Jumamosi na kiti chake cha kukunja. Siku moja tulisugua reli kwa brashi ya waya na mafuta ya taa kutafuta chapa ya kiwanda, maana reli hugongwa ubavuni jina la mtengenezaji na mwaka. Tulipata "19", na baada yake kutu tupu. Mwalimu alikuwa tayari ameshaandika kwenye bango "Godauni la 1912". Mzee akatikisa kichwa. "1912 ni mwaka wa reli ya Namasagali, Mwalimu. Hili jengo hukuliona likijengwa, wala mimi." Bango likafutwa, na nadhani huo ulikuwa uamuzi wetu bora kuliko yote. Majengo mangapi ya mji huu yamebandikwa mwaka wa kitu kingine!

Juni nchi ikafungwa tena. Kazi ya ujenzi ikaanza Septemba. Wiki ya tatu ya kazi Mzee alisafiri Tororo kwenye msiba wa ndugu yake, akakaa siku arobaini. Ndani ya siku hizo kontrakta alileta moramu, tripu baada ya tripu, akaimwaga upande wa reli, akaishindilia kwa rola hadi usawa wa sakafu. Jukwaa likazikwa. Reli zikazikwa. Kipande cha reli ya pili kilichokuwa kinazuia rola kikang'olewa, kikaonekana mara ya mwisho juu ya pikipiki ya magurudumu matatu ya watu wa skrapu. Mimi nilikuwa pale. Nilipiga picha lori la kwanza likirudi nyuma hadi mlangoni bila ngazi, nikaituma kwenye kundi la simu na alama ya kidole gumba.

Desemba fundi alipiga kuta plasta ya saruji nje na ndani, akapaka rangi ya krimu. Januari 2022 tukafungua. Palikuwa na viti vya plastiki, soda, na hotuba.

Tuliamua nini, na kwa nini

Kutumia hoja ya mita 200 badala ya hoja ya historia ulikuwa uamuzi wa shida. Sheria ya kumbukumbu za kale iliyokuwapo wakati ule ilikuwa ya 1967, na kinga yake ilianza pale tu waziri alipolitangaza jengo. Letu halikutangazwa, na kulitangaza kungechukua muda mrefu kuliko nyundo za wakala. Sheria mpya ya makumbusho na kumbukumbu ilikuja mwaka 2023, sisi tumeshamaliza kukosea.

Kuwaweka wauza samaki ndani, badala ya kugeuza jengo zima kuwa makumbusho, lilikuwa wazo la Mama Mwenyekiti. Alisema kwa ufupi kwamba nyumba isiyopikiwa hunyeshewa. Mwalimu hakupenda. Alihofia harufu. Alishindwa kwa kura nne kwa moja, na baadaye alikiri kwamba wageni wengi waliingia kununua samaki wakaishia kusoma ukuta.

Kukubali kuinua uwanja kulitokana na hofu ya maji, ambayo haikuwa hofu ya kijinga. Kila mtu pale alikuwa amelala na ndoo miezi michache kabla. Hatukujiuliza kwa nini jengo lile peke yake lilikaa kavu. Jibu lilikuwa chini ya miguu yetu, na tukaamuru lifukiwe ili tupate kinga iliyokuwa tayari ipo.

Plasta ya saruji haikuamuliwa na mtu. Ilitokea. Kwenye makubaliano tuliandika "kutengeneza kuta", fundi akatengeneza kuta kama anavyotengeneza kuta zote za Jinja. Neno chokaa halikuandikwa popote, ingawa nililijua.

Matokeo

Mzee wa Reli alifika tena gatini wiki ya ufunguzi. Hakusema kitu kwenye hotuba. Watu walipotawanyika alizunguka upande wa reli, akasimama mbele ya mlango wa tatu, akachoma fimbo yake kwenye moramu. Haikuingia. "Hapa ndipo nilipokuwa nasimama na daftari," akasema. "Sasa nisimame wapi?"

Kisha akanieleza, kwa upole uliouma kuliko ukali, kile nilichopaswa kumuuliza mwaka mzima uliopita. Robota la pamba lililoshindiliwa lilikuwa ratili 400, karibu kilo 180. Alipoanza kazi pamba ilikuwa imeshaihama njia ile, lakini kuli wazee walimsimulia, na yeye mwenyewe alipokea magunia ya kilo mia. Mzigo kama huo haunyanyuliwi, unasukumwa. Sakafu ya behewa iko kama mita moja juu ya reli. Sakafu ya godauni ilijengwa usawa uleule, na jukwaa ndilo daraja kati yake, ili kuli wawili na kitoroli kimoja wavushe mzigo bila kuuinamisha. Wengi wa kuli hao, alisema, walikuwa Waluo kutoka ng'ambo ya mpaka, na gati lilinyamaza mwaka 1970 serikali ya Obote ilipowaondoa wafanyakazi wa Kenya. "Watoto wa shule mtawaonyesha nini? Mlango? Milango wanayo nyumbani."

Mvua za Machi zilijibu upande wa pili. Moramu iliyoshindiliwa hainywi maji haraka, na uwanja ulikuwa na mteremko mdogo kuelekea ukutani. Yale matundu ya mraba niliyoyachora na kuyasahau yalikuwa yakipitisha hewa chini ya sakafu, na sasa yalikuwa yamejaa udongo. Maji yakawa hayana pa kwenda ila ndani ya tofali. Tofali la zamani lililojengewa chokaa huvuta unyevu na kuutoa tena, hupumua. Saruji iliyolifunika pande zote mbili haipumui. Kufikia Aprili plasta ya chini ilikuwa imevimba, chumvi nyeupe imechanua juu ya rangi ya krimu, na ukigonga kwa sarafu unasikia mlio wa debe tupu. Nilichomoa kipande kwa vidole. Kilitoka na uso wa tofali, nyuma yake unga mwekundu wenye majimaji.

Magunia ya mukene yaliyoegemea ukuta yaliota ukungu. Mama Mwenyekiti na wenzake walipata hasara, wakazuia kodi ya miezi miwili, wakala akatishia kuwatoa. Kwa wiki kadhaa ilionekana kama tumeokoa jengo ili lije kuwagombanisha waliokuwa wakilitumia bila ugomvi.

Suluhu iliyopatikana mwishoni mwa 2022 ni ya nusunusu. Tulichimba mtaro kando ya ukuta, upana wa hatua moja, kwenye urefu wa mita sita mbele ya mlango wa tatu na wa nne. Jukwaa likaonekana tena, na reli moja. Matundu ya sehemu hiyo yakazibuliwa. Plasta ya chini ikabanduliwa hadi kimo cha kiuno, na fundi mmoja mzee kutoka Bugembe, aliyewahi kufanya kazi ya chokaa kanisani, akajaza viungo upya. Sehemu iliyobaki ya uwanja wakala alikataa katakata, malori yanapita. Reli ya pili haiwezi kurudi, kwa sababu ilikuwa kwenye ardhi ya shirika, na hakuna aliyetaka kuandika barua ya kueleza ilikokwenda.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi, kwanza, ni kumsikiliza mwenye mali kwa lugha yake. Hoja ya mwenyekiti wa LC haikuwa na hata tarehe moja ya kihistoria, na ndiyo iliyoacha jengo limesimama. Watetezi wa majengo ya kale tuna tabia ya kudhani anayetaka kubomoa hajui thamani ya jengo. Mara nyingi anaijua, ila ameipiga hesabu ikawa ndogo kuliko ghala la chuma. Msaidie kupiga hesabu upya.

Pili, ni matumizi. Wakati wa mgogoro wa kodi, ni wauza samaki waliokuwa wa kwanza kuona ukuta unaumwa, kwa sababu mali yao ilikuwa imeuegemea. Kama lingekuwa makumbusho yenye kufuli, tungegundua baada ya mwaka.

Kuhusu kilichoshindikana nina mengi zaidi. Kosa la mzizi ni kwamba sote, pamoja na Mzee mwanzoni, tulizungumza juu ya "jengo". Tulipolilinda tulilinda kuta, paa na milango, vitu vinavyoonekana kwenye picha. Lakini godauni la gatini ni kiungo cha mnyororo: meli, gati, reli, jukwaa, mlango, mizani, mlango mwingine, barabara. Ukiondoa jukwaa na reli, unabaki na banda lenye milango mikubwa isiyo na sababu. Ramani yangu ilikuwa na dosari hiyohiyo. Nilichora mkato wa jengo kuanzia sakafu kwenda juu. Laiti ningeendeleza penseli mita moja chini na mita tatu nje, behewa lingejichora lenyewe, na hata wakala angeona lori lake linaweza kusimama mahali behewa liliposimama. Sakafu ya lori la mizigo nayo iko juu ya ardhi kwa kimo kisichopishana sana na hicho. Jukwaa lilelile lingepakia malori vizuri kuliko moramu. Hili tuligundua kwenye mtaro.

Kosa la pili ni la ratiba. Mtu pekee aliyejua jengo lilivyofanya kazi tulimhesabu kama msimulizi, si kama mjumbe. Tulirekodi sauti yake Jumamosi, halafu maamuzi ya kiufundi tukayafanya Jumatano bila yeye. Safari ya Tororo isingekuwa na madhara kama makubaliano yangekuwa na mstari mmoja tu: hakuna udongo unaomwagwa upande wa reli kabla ya watano wote kuona.

Kosa la tatu, la plasta, ni jepesi kulieleza na gumu kulisamehe. Fundi hakukosea kwa kiwango chake. Aliambiwa atengeneze, akatengeneza kwa saruji, na saruji kwenye tofali jipya la bloku ni kazi safi. Anayejua tofauti ndiye anayepaswa kuandika "chokaa, si saruji" kwenye karatasi ya kazi, na kusimama pale siku ndoo ya kwanza inapochanganywa. Mimi niliijua tofauti. Siku ndoo ya kwanza inachanganywa nilikuwa mjini nikichapisha mabango.

Suala la mpaka lina sura mbili. Kisheria reli ya pili haikuwa yetu wala ya wakala, kwa hiyo hatukuiweka kwenye makubaliano. Kwa sababu haikuwa kwenye makubaliano, kontrakta aliiona kama chuma kilichotupwa. Tungekwenda ofisi husika mapema, hata kwa barua ya nusu ukurasa, pengine ingekuwa na mtu wa kuiuliza.

Mafuriko nayo yanahitaji neno. Watu wa gatini walikuwa sahihi kuogopa, na ziwa limeshafika kiwango kile zaidi ya mara moja katika umri wa Mzee mmoja. Lakini kuna njia mbili za kukaa na maji yanayopanda. Moja ni kuinua ardhi, ambayo husukuma maji kwa jirani: vibanda viwili vya upande wa chini sasa hupata maji hata mvua ya kawaida, na hilo halikuwa kwenye mahesabu ya mtu yeyote. Nyingine ni kuinua sakafu na kuacha maji yapite chini, kama walivyofanya waliojenga godauni.

Mtaro upo mpaka sasa. Watoto wa shule wakija, Mzee hushuka ndani yake polepole, mkono mmoja begani mwa Mwalimu, anasimama juu ya taruma, na sakafu ya godauni inamfika karibu na kifua. Anamwita mtoto mmoja asimame juu mlangoni, wa pili anamwambia ajifanye gunia.